Waambie wa Huko

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimerudi alfajiri kutoka hospitali ya Kwangwa na usingizi hauji. Binti mdogo, mimba ya kwanza. Tangu jioni njia ilikuwa sentimita sita na haikusogea, lakini uchungu ulikuja kwa fujo, mmoja haujashuka mwingine umeshapanda. Mapigo ya mtoto yakaanza kushuka. Uchungu wa namna hiyo kwa uzazi wa kwanza siuamini; mara nyingi kuna kikombe nyuma yake.

Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake. Nikamwomba akatafute kanga kavu. Alipotoka nikamuuliza binti, bila kuzunguka. Akasema amenyweshwa dawa ya miti shamba saa nane mchana, kikombe kizima, ili asichelewe. Halafu akanishika mkono: "Waambie wa huko, dada. Wa hapa wasijue kama nimesema."

Sijaona fomu ya ridhaa iliyojazwa vizuri kuliko maneno hayo. Ametaja nani aambiwe, nani asiambiwe, na bila shaka kwa nini.

Kutekeleza ndiyo kazi. Ndani ya gari tulikuwa mimi, binti, mama mkwe na dereva. Njiani simu ikaita, mkunga wa zamu wa wodi ya wazazi anataka kujiandaa. Nikaibana simu sikioni. Akauliza kama kuna dawa ya kienyeji. Nikasema ndiyo. Leo? Ndiyo. Kabla ya saa tisa? Ndiyo. Mama mkwe akauliza wanasemaje, nikamwambia wanaandaa chumba cha upasuaji, na ilikuwa kweli. Yule mkunga anajua kuuliza. Aliyezoea kupokea wagonjwa kutoka vijijini huuliza maswali ya ndiyo na hapana, maana anajua anayejibu hayuko peke yake.

Amefanyiwa upasuaji, mtoto amelia, mfuko wa uzazi haukupasuka. Daktari alijua cha kutafuta kabla hajashika kisu.

Jumatano, 6 Agosti

Bado nalifikiria lile gari. Barua ya rufaa niliibeba mwenyewe kwa sababu nilisindikiza. Nikiwa peke yangu zamu na kuna mwingine leba, siwezi kusindikiza. Hapo barua hukunjwa mara mbili na kukabidhiwa ndugu. Ndugu akiwa mwalimu mstaafu, tutafika hospitali siri imeshasahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Jumatano, 6 Agosti, usiku

Nimehesabu masikio ambayo habari ya mgonjwa mmoja hupitia kutoka hapa Nyegina hadi mjini. Naanza mimi. Kisha anayepokea simu ya 115 kwenye kituo cha uratibu cha mkoa, ambaye lazima aulize ili aamue kama ni dharura na mgonjwa aende hospitali ipi. Kisha dereva. Mlinzi wa geti, ambaye naye huuliza, sijui kwa mamlaka gani. Mapokezi. Muuguzi, daktari, maabara, chumba cha upasuaji. Na pembeni ya hao wote ndugu, na pembeni ya ndugu benchi zima.

Huu mfumo wa m-mama siuchukii hata kidogo. Ulianzia Sengerema na Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia akauzindua kwa nchi nzima. Simu ya bure, kwa mjamzito, kwa mama aliyejifungua ndani ya siku 42, na kwa mtoto mchanga. Gari la wagonjwa likiwa mbali, wanamwita dereva wa kijijini mwenye mkataba, na malipo yake yanaingia kwenye simu akishamfikisha mgonjwa. Kabla ya hapo tulikuwa tunasimama barabarani kuomba lori la mchanga. Kwa hiyo anayeniambia habari za faragha bila kutaja kwamba mnyororo huu umeokoa watu, simsikilizi.

Lakini kiapo tulichokula siku ya kuvalishwa kofia, mishumaa mkononi, kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893. Kinamtazama muuguzi mmoja na mgonjwa mmoja, na daktari pembeni. Hakikujua kwamba siri itafika siku isafiri kwa simu na kwa Probox.

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane

Sikukuu, kwa hiyo bodaboda. Kijana kaingia mtaroni, mguu umevunjika, kichwa kimechanika, harufu ya gongo. Tumemfunga mguu na kumzuia damu kwanza. Fomu namba tatu ya polisi imekuja baadaye na ndivyo inavyopaswa kuwa. Askari, kijana mstaarabu, akaniuliza hapo hapo mbele ya watu: "Alikuwa amelewa huyu, sista?"

Nikamwambia: afande, PF3 ina sehemu ya daktari, itajazwa majeraha na ukubwa wake, mengine uliza kwa utaratibu wako. Kwa wenzangu wa hospitali nimesema wazi kwamba amekunywa, na kiasi anachokisema yeye, kwa sababu mlevi aliyeumia kichwa unaweza kumdhani amelala tu, kumbe damu inavuja ndani. Habari ni ile ile moja. Hospitali inamwokoa, kwa benchi lile ingekuwa hadithi ya jioni.

Jumanne, 12 Agosti

Nimesoma sheria kwenye simu hadi macho yanauma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Habari za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti. Ridhaa inatakiwa iwe ya maandishi. Kisha yanakuja mazingira ambayo ridhaa hiyo haidaiwi, likiwamo la kulinda uhai wa mtu asiyeweza kuitoa mwenyewe. Nyuma yake ipo Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, inayosema matokeo ya kipimo ni siri, na nyuma ya zote ibara ya 16 ya Katiba.

Ni sheria nzuri. Tatizo langu ni kwamba imekaa mezani, na mimi nafanya kazi sakafuni. Aliyezimia inamjua. Mwenye akili timamu aliyeketi kwenye kiti inamjua. Mgonjwa wangu yuko katikati: anasikia, anaelewa, ana haki ya kusema hapana, ila uchungu unampa nafasi ya maneno machache tu kabla haujarudi. Huyo kumpa kalamu asaini ni dhihaka. Kutomuuliza kabisa ni dharau. Kwa hiyo wengi wetu hatumuulizi, tunasema ni dharura. Neno dharura limekuwa ufunguo wa kila mlango, hata wa milango ambayo haikuwa na moto ndani.

Jumamosi, 16 Agosti

Dereva wetu kapita kunywa chai. Nimemuuliza ni nini hasa anataka kujua kuhusu anayembeba. Nilitegemea maneno mengi. Akasema: "Dada nesi, mimi niambie niende kasi au polepole, nisimame wapi ikibidi, na nivae glavu au nisivae."

Ya glavu tumebishana. Anasema wenzake wa vijiji vingine huuliza waziwazi kama mama ni wa CTC, kliniki ya wenye VVU, na wapo wauguzi wanaowajibu. Nikamwambia anayejibiwa hapana halafu akashika damu kwa mikono mitupu ndiye anayehatarishwa, kwa sababu hapana ya leo ni kipimo cha miezi mitatu iliyopita. Damu yoyote vaa glavu. Mtu yeyote anayekohoa fungua madirisha, na mimi nitampa barakoa yeye na wewe. Ukifanya hivyo kwa kila abiria huna haja ya jina la ugonjwa wa yeyote, na hakuna abiria atakayejua kwa glavu zako kwamba anasemwa. Alinyamaza, halafu akauliza glavu zenyewe nani atampa. Swali la haki. Nimempa boksi moja, nitalitolea maelezo mwisho wa mwezi.

Akauliza tena: na yale ya Kagera? Hapo alinishika vizuri. Machi 2023 Marburg ilitangazwa Bukoba, ng'ambo ya ziwa hili hili. Waliougua 9, waliokufa 6, na wahudumu wa afya walikuwamo kati ya walioambukizwa. Januari 2025 ikarudi, safari hii Biharamulo. Ugonjwa wa namna ile dereva ataambiwa, kituo cha 115 kitaambiwa, mganga mkuu wa wilaya ataamshwa usiku, na mgonjwa hataulizwa kama anakubali. Ataelezwa kwamba tunasema, na tunamwambia nani. Nadhani hiyo ni tofauti kubwa. Kumwambia mtu "nitalisema hili" hata pale ambapo huwezi kumpa nafasi ya kukataa, kunamwacha na utu wake.

Alhamisi, 21 Agosti

Leo nina hasira, nitaandika polepole.

Kuna grupu la WhatsApp la rufaa. Sitalitaja la wapi. Lilianzishwa kwa nia njema, na nimeliona likifanya kazi: mama mwenye kifafa cha mimba, presha juu, degedege mara mbili, muuguzi wa zahanati amempa magnesiamu, gramu 4 kwenye mshipa na 10 kwenye makalio, tano kila upande, akaandika kipimo na saa kwenye grupu. Hospitali iliyompokea isingejua, ingeweza kumrudia dozi ile ile, na magnesiamu ikizidi mtu anaacha kupumua. Ujumbe ule mfupi ulikuwa na thamani ya dawa yenyewe.

Juzi kwenye grupu hilo hilo mtu amepiga picha barua nzima ya rufaa na kuirusha. Jina la mama, la mume, kitongoji, simu, na mstari wa ARV. Ndani ya grupu wamo watu waliohamishwa mkoa zamani, yumo fundi wa gari la wagonjwa, yumo aliyeacha kazi akafungua duka. Hakuna mmoja kati ya hao aliyekuwa anampokea yule mama. Leo mama mwenyewe amekuja. Amesikia habari zake mwaloni, kwa wanawake wanaoanika dagaa. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama faili lake linaweza kuhamishiwa Bunda, mbali na hapa, ambako nauli ya kwenda kuchukua dawa kila mara hataiweza, na mimi na yeye tunalijua hilo.

Hayo ndiyo madhara. Watu wanadhani siri ikivuja mtu anaona aibu, basi. Siri ikivuja mtu anaacha dawa.

Nikalipeleka jambo kwa anayehusika. Jibu la mmoja wa wakubwa, mbele ya foleni: "Mficha maradhi kifo humuumbua." Nimechoka na methali hiyo. Imetungwa kumhimiza mgonjwa amwambie mganga. Sisi tumeigeuza kibali cha mganga kuwaambia wote.

Ninachotaka ni kidogo sana. Dozi, saa, presha, wiki za mimba, kundi la damu: hayo yaende kwenye grupu bila jina, kwa kituo kinachotoka na kituo kinachopokea. Jina na mengine yapite kwa simu, mtu kwa mtu, kwa yule aliye zamu. Aliyehama aondolewe siku anayohama.

Jumapili, 31 Agosti

Kengele ya parokia imeshindana na gari la kampeni asubuhi nzima. Kampeni zimeanza wiki hii na vipaza sauti havina Jumapili.

Kaja bibi na mjukuu wake, mtoto wa selimundu, maumivu ya mifupa. Nilitarajia kuanza kuuliza historia upya. Bibi akatoa daftari la shule lililofungwa kwa nailoni: kila alipolazwa, kila alipoongezewa damu, kundi la damu, dawa inayomletea vipele, kiwango chake cha kawaida cha damu. Jalada limeandikwa kwa herufi kubwa SELIMUNDU, na mtoto huenda nalo shule kwenye begi. Nikamuuliza kama hawaoni tabu kila mtu kusoma. Bibi akanitazama: "Mwanangu, akianguka njiani nataka hata mchunga ng'ombe ajue."

Tanzania inazaa watoto wa selimundu wapatao 11,000 kila mwaka na Kanda ya Ziwa ina sehemu kubwa ya mzigo huo. Familia hii imeamua kutangaza, na ni haki yao sawasawa na yule mama wa mwaloni aliyetaka kunyamaziwa. Wenzangu wanaodhani faragha ni kukaa kimya tu wangemfunika bibi huyu jalada lake kwa karatasi.

Nilimpa mtoto maji na dawa ya maumivu. Daftari nimeandika nami, nikaweka sahihi.

Ijumaa, 5 Septemba

Miaka 11 leo tangu mabasi mawili yagongane Sabasaba, huko Butiama. Watu zaidi ya 35 walikufa. Ilikuwa Ijumaa pia. Muuguzi mzee niliyefanya naye kazi nilipoanza alikuwa akipokea majeruhi Musoma siku ile, na hakupenda kuisimulia. Alichokuwa akikirudia ni simu: simu za majeruhi zinalia mifukoni na hakuna anayejua kama azipokee.

Hapo hakuna wa kumwomba ridhaa. Aliyezimia hasemi, na kila dakika ya kusubiri aseme inamla. Kwa hiyo wote wenye mikono juu yake wanapaswa kuambiwa kila kitu, papo hapo, kwa sauti: mzio, dawa alizokutwa nazo mfukoni, kadi ya kisukari, kadi ya CTC kama ipo. Ndugu anayepiga simu ana haki ya kujua mtu wake yupo hai na yupo wapi. Mengine asubiri mwenyewe azinduke au aliye karibu naye afike. Na mwenye kamera hana haki yoyote.

Mkufunzi mmoja alituambia kuhusu Fiona Caldicott wa Uingereza. Mwaka 1997 kamati yake iliweka kanuni sita za kulinda habari za wagonjwa, halafu mwaka 2013 ikabidi iongezwe ya saba, kwa sababu watu waliogopa kanuni sita hadi wakawa hawaambiani lililohitajika: kwamba jukumu la kushirikishana taarifa kwa ajili ya mgonjwa laweza kuwa zito kama la kuzilinda. Sisi huku naona tuna magonjwa yote mawili kwa pamoja. Hospitali haipati dozi, soko linapata jina.

Jumatano, 10 Septemba

Siku ya kliniki. Mganga mfawidhi amekubali nijaribu.

Mpango wa kujifungua tunauandika kila siku: utazalia wapi, nani atakusindikiza, fedha ya akiba, nani atatoa damu. Leo nimeongeza swali moja, mume akiwa nje na mlango umefungwa. Likitokea la dharura ukawa huwezi kusema, nani aambiwe nini, na nani asiambiwe?

Niliogopa wataniona mchawi. Wameongea kuliko swali lolote nililowahi kuuliza. Mmoja: mume aambiwe yote, mke mwenzangu lisimfikie hata moja. Mwingine hataki dereva wa kijiji ajue lolote kwa sababu ni shemeji yake, bora asubiri gari la wagonjwa. Nikamweleza hatari ya kusubiri, akafikiri, akasema basi shemeji aje, ila akae mbele na asiulize. Mmoja anataka mama yake mzazi, siyo mumewe, ndiye akubali upasuaji kwa niaba yake. Hapo nimemwandikia na kumwambia ukweli kwamba akiwa na fahamu atakubali mwenyewe, hahitaji mzazi wala mume. Alishangaa. Mmoja alicheka, akasema yeye watu wote wanajua mambo yake, niandike "wote".

Nimepanga hivi. Majibu hayaandikwi kwenye kadi ya kliniki. Kadi inakaa juu ya kabati na kila mgeni huisoma. Yanaandikwa kwenye rejista ya kituo, inayofungiwa, na kifupi chake kinaenda na rufaa: "ndugu aambiwe hali tu" au "taarifa zote kwa mama mzazi". Mwanamke akibadili mawazo mwezi ujao tunafuta na kuandika upya, maana ndoa nazo hubadilika. Na kama ana nguvu ya kusema siku yenyewe, neno la siku hiyo ndilo linalofuatwa.

Barua ya rufaa sasa itafungwa kwenye bahasha na kugongwa muhuri juu ya gundi, hata kama inabebwa na mume, hata kama inabebwa na mimi. Bahasha hazimo kwenye orodha ya mahitaji ya zahanati. Nimeandika maombi leo, bahasha za kaki na gundi, na kwenye safu ya sababu nimeandika: vifaa vya dharura.